Zigo la Arnhem: kisa cha Jenerali Sosabowski

Tarehe 20 Novemba 1944, Luteni Jenerali Frederick Browning, mkuu wa askari wa miamvuli wa Uingereza katika vita vya Arnhem, mji wa Uholanzi, aliwaandikia barua wakubwa wake mjini London. Alitaka Jenerali Stanisław Sosabowski, kamanda wa Brigedi ya Kwanza Huru ya Miamvuli ya Poland, aondolewe kazini, na sababu akazitaja. Mtu huyu ni mbishi. Hakuonekana kuelewa uharaka wa mambo. Ni mgumu kufanya naye kazi. Tena, wakati kila gari lilikuwa na kazi yake, aliwasumbua maofisa kwa ajili ya malori mawili matatu ya kuongezea usafiri wa askari wake.

Malori mawili matatu! Divisheni nzima ya Waingereza ilikuwa imesagika huko Uholanzi miezi miwili tu nyuma, na aliyekuwa msimamizi wake anakumbuka malori. Barua ya namna hii huandikwa na mtu aliyekwisha kuamua jambo na sasa anatafuta vifungu. Ninavyoliona mimi suala lenyewe, Sosabowski hakuondolewa kwa lolote alilolifanya au kulikosea vitani. Aliondolewa kwa sababu lawama ya Arnhem ilikuwa inatafuta pa kutua, na yeye alikuwa jenerali wa serikali isiyo na nchi.

Alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Stanisławów, ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Austria-Hungaria. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, akafariki mtoto angali mdogo, na kijana akakua akijua kuhesabu senti. Alipigana Vita ya Kwanza akiwa na sare za Austria, akajeruhiwa. Poland iliporudi kuwa taifa mwaka 1918 akaingia katika jeshi lake. Septemba 1939, Wajerumani walipovamia, yeye alikuwa kanali akiongoza kikosi cha 21 cha askari wa miguu, “Watoto wa Warszawa”, na kikosi hicho kilishikilia eneo la Grochów mpaka mji mkuu uliposalimu amri. Alitekwa, akatoroka, akapita Hungaria na Romania hadi Ufaransa. Ufaransa nayo ilipoanguka mwaka 1940, akavuka bahari kwenda Uingereza pamoja na mabaki ya jeshi lake.

Huko Scotland, katika wilaya ya Fife, alipewa maofisa wengi na askari wachache, kwa sababu ndio waliokuwa wamenusurika. Kutokana na watu hao akajenga brigedi ya miamvuli iliyotambuliwa rasmi Septemba 1941. Mazoezi yalifanyika Largo House, kwenye uwanja wa kamba na magogo ulioitwa “msitu wa nyani”. Kamanda mwenyewe aliruka na mwamvuli akiwa anakaribia miaka hamsini. Askari walimwita Mzee. Walimwogopa, na walimpenda kwa namna watu wanavyompenda baba mkali asiyekula kabla ya watoto.

Brigedi hii haikuundwa kwa ajili ya Uholanzi. Kaulimbiu yake ilisema “kwa njia fupi kuliko zote”, maana yake njia fupi ya kurudi nyumbani: siku wananchi wa Poland watakapoinuka dhidi ya Wajerumani, askari hawa waanguke kutoka angani kuwasaidia. Serikali ya Poland, iliyokuwa uhamishoni mjini London, iliiweka nje ya mamlaka ya Waingereza kwa sababu hiyo hiyo. Lakini Waingereza ndio waliokuwa na ndege, miamvuli, risasi na chakula. Mwaka 1944 shinikizo likazidi, na serikali ile ikaiachia brigedi itumike Ulaya Magharibi. Tarehe 1 Agosti Warszawa ikainuka kweli. Askari wa Sosabowski wakakaa Uingereza wakifuata habari za mji wao ukiteketea, wala hakuna ndege iliyowapeleka. Mtoto wa jenerali, mpiganaji wa jeshi la siri mjini humo, alipoteza macho katika mapigano hayo. Anayetaka kuelewa kwa nini mzee huyu aliingia katika mikutano ya Septemba akiwa na uso wa chuma, aanzie hapo.

Mpango, na swali ambalo halikutakiwa kuulizwa

Operesheni Market Garden ilikuwa wazo la jemadari wa Uingereza, Bernard Montgomery. Askari wa miamvuli wangeteka madaraja ya Eindhoven, Nijmegen na Arnhem, kisha jeshi la nchi kavu lipite juu yake hadi ng’ambo ya mto Rhine na kuingia Ujerumani. Wamarekani walipewa madaraja ya kusini na ya katikati. Divisheni ya Kwanza ya Waingereza, chini ya Meja Jenerali Roy Urquhart, ilipewa Arnhem, daraja la mbali kuliko yote, na Wapoland waliwekwa chini yake waje siku ya tatu.

Sosabowski aliuliza: Wajerumani je? Alikwisha kuuliza hivyo hivyo wiki moja nyuma, katika mpango mdogo zaidi uliofutwa, na akafika mahali pa kudai amri aipate kwa maandishi ili ajulikane nani atawajibika. Kwa ofisa wa Uingereza wa enzi zile, mgeni kudai maandishi mbele ya wenzake ilikuwa kama kumwambia jenerali kwamba neno lake halitoshi. Hilo halikusahauliwa.

Si yeye peke yake aliyeona hatari. Katika makao makuu ya Browning mwenyewe, ofisa kijana wa upelelezi, Meja Brian Urquhart (hawana undugu na yule jenerali), alikuwa na picha zilizopigwa kutoka angani zikionyesha vifaru vya Wajerumani karibu na Arnhem. Aliwaonyesha wakubwa. Akapelekwa likizo ya ugonjwa. Ndiye huyo huyo ambaye baadaye alikuwa mtu mzito wa Umoja wa Mataifa, na wazee wa Lubumbashi wanaweza kulikumbuka jina lake: mwaka 1961, akiuwakilisha Umoja huo Katanga, alikamatwa na kupigwa vibaya na askari wa Tshombe. Nimemtaja hapa kwa sababu moja. Kabla hata ndege ya kwanza haijaruka, mtu aliyesema “pana vifaru” alikuwa ameshaondolewa njiani.

Vifaru vilikuwapo. Divisheni mbili za SS, jeshi la chama cha Nazi, ya 9 na ya 10, zilikuwa zikijikarabati katika eneo hilo. Zilikuwa zimechakaa, lakini kwa askari wa miamvuli wenye silaha nyepesi zilitosha na kuzidi.

Driel

Operesheni ilianza Jumapili tarehe 17 Septemba. Kundi dogo la Waingereza lilifika ukingo wa kaskazini wa daraja la Arnhem, likakatwa na wenzake. Divisheni iliyobaki ilibanwa magharibi ya mji, huko Oosterbeek, mgongo ukiwa mtoni.

Brigedi ya Poland ilikatwa vipande. Mizinga yake ya kupigia vifaru ilitangulia kwa ndege zisizo na injini, na sehemu yake ikatua tarehe 19 katikati ya mapigano, upande wa kaskazini wa mto. Askari wa miamvuli walitakiwa kushuka siku hiyo hiyo kusini mwa daraja. Ukungu ukazifunga ndege katika viwanja vya Uingereza siku ya kwanza, kisha ya pili. Tarehe 21 zikaruka ndege 114, na hali ya hewa ilipochafuka tena zikaitwa zirudi. Baadhi ya marubani walilipata agizo hilo, wengine hawakulielewa, na 41 zikageuza. Sosabowski alitua karibu na kijiji cha Driel akiwa na watu kama elfu moja, bila mizinga yake na bila theluthi hivi ya askari wake, wala hakujua wenzao wako wapi.

Sehemu ya kushukia ilikuwa imebadilishwa hadi Driel kwa sababu hapo palikuwa na pantoni ya kuvukia mto. Walipofika ukingoni, pantoni haikuwapo, na vilima vya ng’ambo vilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kwa hiyo ikawa hivi: brigedi upande huu, divisheni inayokufa upande ule, katikati mto Rhine wenye mkondo mkali, na mashua za kuvukia hakuna.

Siku zilizofuata zinahesabika kwa mashua. Usiku wa tarehe 22, kwa mashua chache za mpira, walivuka watu zaidi kidogo ya hamsini. Usiku uliofuata wakavuka kama 150. Huku nyuma Driel ilishambuliwa kila siku, na Mzee wa miaka 52 alizunguka vituo vyake kwa baiskeli. Kijiji hakikuanguka. Tena kuna jambo ambalo Montgomery hakuligusa alipoandika baadaye: kutua kwa Wapoland kuliwatisha Wajerumani kwamba barabara ya kuelekea daraja itakatwa, wakahamisha watu zaidi ya 2,000 kutoka upande wa kaskazini ili kuziba. Kila Mjerumani aliyehamishwa alikuwa amepungua katika kuibana Oosterbeek.

Tarehe 24 Septemba makamanda walikutana Valburg. Walikuwapo Luteni Jenerali Brian Horrocks wa jeshi la nchi kavu, Meja Jenerali Ivor Thomas wa Divisheni ya 43, na Browning. Sosabowski aliambiwa kwamba usiku huo batalioni moja ya Waingereza, ya Dorset, itavuka pamoja na batalioni yake moja, tena atakayeongoza uvukaji ni mtu wa Thomas. Akapinga. Alisema mahali palipochaguliwa ndipo adui alipo imara, na kwamba batalioni mbili hazitabadilisha lolote. Ama wavuke kwa nguvu kubwa mahali pengine, ama wakubali kuwatoa Waingereza wa ng’ambo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikatizwa na kuonywa kwamba asipotii atapatikana kamanda mwingine, na Browning akakaa kimya.

Usiku ule mashua hazikuwatosha Wapoland. Askari zaidi ya 300 wa Dorset walivuka, wakatawanywa na mkondo na risasi, na wengi wao wakaishia mateka. Usiku uliofuata, wa tarehe 25, ndipo ilipotoka amri ya kuwaondoa waliobaki. Kati ya watu kama 10,000 waliokwenda Arnhem, walirudi kuvuka mto 2,400 hivi. Alichokisema Sosabowski mezani kilichukua siku moja na nusu kuthibitika.

Barua mbili za mtu mmoja

Mwanzoni mwa Oktoba Montgomery aliwapongeza Wapoland kwa ushujaa na kuahidi nishani kwa askari kumi. Katikati ya mwezi huo huo alimwandikia mkuu wa majeshi ya Uingereza, Alan Brooke, kwamba brigedi ya Poland ilipigana vibaya sana, watu wake hawakuwa na hamu ya kupigana palipokuwa na hatari ya kufa, na kwamba haitaki tena. Wapelekwe Italia wakaungane na Wapoland wenzao.

Weka barua hizo mbili mezani. Hakuna vita vyovyote ambavyo brigedi ilipigana kati ya ile ya kwanza na ya pili. Kilichobadilika katika wiki hizo chache ni kwamba ilishadhihirika operesheni haikufaulu, ijapokuwa Montgomery mwenyewe aliendelea kusema imefaulu kwa asilimia 90. Waliouawa wa brigedi ni zaidi ya 90, na majeruhi na waliopotea ni mamia. Kusema watu hao waliogopa kufa kunahitaji ujasiri wa aina yake.

Tukirudi kwenye mashtaka ya Browning, la ubishi ni kweli. Sosabowski alikuwa na ulimi mkali, Kiingereza chake hakikuwa na zile “samahani” na “pengine” zinazolainisha, na hakuwahi kujifunza kuonyesha shaka kwa kuinua nyusi tu kama walivyofanya maofisa wa Uingereza. Sitaki kumfanya malaika. Na kujua kwamba mpango ni mbaya si sawa na kuwa na mpango mzuri: kuvuka kwa nguvu mahali pengine, alivyopendekeza Valburg, kungetaka mashua na muda, na vyote viwili vilikuwa haba. Kamanda mwenye busara zaidi ya siasa angezungumza na Horrocks faraghani.

Lakini uharaka? Aliyechelewa ni ukungu, na waliopanga usafiri wa ndege kwa awamu ni wengine. Na malori yale, Browning angeyaacha. Siku ya kwanza ya operesheni, wakati kila nafasi kwenye ndege ilikuwa dhahabu, yeye alitumia ndege zisizo na injini zaidi ya 30 kusafirisha makao makuu yake mwenyewe hadi karibu na Nijmegen, mahali ambapo kwa siku zile za mwanzo hakuwa na la maana la kuamrisha.

Kwa nini basi Mpoland? Roy Urquhart alikuwa shujaa aliyerudi na robo ya watu wake, huwezi kumgusa. Horrocks na Thomas walikuwa watu wa Montgomery. Wamarekani hawagusiki kabisa. Montgomery alikuwa amepandishwa cheo kuwa jemadari mkuu tarehe 1 Septemba, siku kumi na sita kabla ya operesheni. Ukizunguka meza nzima, anabaki mtu mmoja ambaye serikali yake haiwezi kulipiza, kwa sababu inakula na kulala kwa fadhila ya mwenyeji.

Na hapa ndipo kisa kinapouma zaidi. Aliyemwondoa si Browning. Waingereza hawakuwa na mamlaka ya kumfukuza jenerali wa Poland. Waliomba, na Desemba 1944 rais wa Poland aliyekuwa uhamishoni, Władysław Raczkiewicz, akatia saini. Simlaumu sana. Jeshi la Sovieti lilikuwa limeshaingia Poland, Stalin alikuwa na serikali yake tayari mjini Lublin, na tegemeo pekee la Wapoland wa London lilikuwa ni Churchill, waziri mkuu wa Uingereza. Wakapima jenerali mmoja dhidi ya urafiki huo. Urafiki wenyewe haukudumu: Februari 1945 mkutano wa wakubwa huko Yalta ukaamua mipaka ya Poland bila wao, na Julai mwaka huo Uingereza ikaacha kuitambua serikali yao. Jenerali alitolewa kafara bure.

Askari wake walipopata habari, baadhi waligoma kula wakati wa Krismasi. Yeye mwenyewe akawataka waache, akapewa kazi ya kusimamia vikosi vya nyuma, na mwaka 1948 akavuliwa sare.

Mtunza stoo wa Acton

Kurudi nyumbani kulikuwa kurudi wapi? Stanisławów ilikuwa sasa ndani ya Umoja wa Sovieti, na leo iko Ukraine kwa jina la Ivano-Frankivsk. Warszawa ilikuwa mikononi mwa watu waliowaita maofisa wa London wasaliti. Ukuta huo huo ndio uliowabakiza Wapoland maelfu hapa kwetu. Raia waliotoka Sovieti mwaka 1942 pamoja na jeshi la Kipoland la Jenerali Anders wakapitia Iran, na wengi wakaletwa Afrika Mashariki: Tengeru karibu na Arusha, ambako walifika kama 5,000, na Masindi na Koja nchini Uganda. Vita vilipokwisha, wengi wao walikotoka hapakuwa tena Poland. Makaburi yao Tengeru yapo hadi leo.

Majenerali nao hawakuwa na bahati zaidi. Serikali ya Kikomunisti iliwapokonya wengi uraia mwaka 1946. Uingereza haikuwapa pensheni ya kijenerali, kwa hoja kwamba hawakuwa askari wake. Stanisław Maczek, aliyeukomboa mji wa Breda huko Uholanzi na divisheni yake ya vifaru, aliuza vinywaji baa kwenye hoteli ya Edinburgh iliyokuwa ya mmoja wa askari wake wa zamani. Tadeusz Bór-Komorowski, kamanda wa mapambano ya Warszawa, alishona makochi London.

Sosabowski aliwapata mkewe na mwanawe kipofu, waliotoka Poland baada ya vita, na akawa na nyumba ya kulisha. Akaajiriwa kiwanda cha vifaa vya umeme huko Acton, magharibi ya London, akafika kuwa mtunza stoo. Alifanya kazi hiyo hadi umri wa zaidi ya miaka sabini. Wenzake walimwita Stan. Inasimuliwa kwamba wengi wao walikuja kujua siku ya mazishi yake tu kuwa Stan alikuwa jenerali. Alifariki tarehe 25 Septemba 1967, na mwili wake ukapelekwa Warszawa, makaburi ya jeshi ya Powązki.

Wasiosahau walikuwa watu wa Driel. Mkazi mmoja wa kijiji, Cora Baltussen, aliyewahudumia majeruhi wa Poland mwaka 1944, alitumia miaka mingi kudai heshima yao. Alifariki Novemba 2005. Tarehe 31 Mei 2006 Malkia Beatrix aliitunuku brigedi Nishani ya Kijeshi ya William, ya juu kabisa Uholanzi, na Sosabowski akapewa nishani ya Simba wa Shaba baada ya kufa. Septemba mwaka huo sanamu yake ikazinduliwa Driel, na maveterani wa Uingereza waliopigana Arnhem walikuwa miongoni mwa walioisimamia. Askari wa kawaida wa Uingereza hawakuwahi kuwa na ugomvi na Wapoland. Walijua nani alivuka mto kwa mashua ya mpira kuja kuwafuata.

Poland ilimpa Nishani ya Tai Mweupe mwaka 2018. Ile saini ya Desemba 1944 ilikuwa ya rais wa Poland, na rais mwingine wa Poland ndiye aliyeweka yake miaka 74 baadaye. Upande wa waliosoma barua za Montgomery na Browning na kuzifanyia kazi, suala hilo bado halijafungwa, kwa sababu brigedi nzima iliandikwa humo kuwa ya waoga, si kamanda wake peke yake.